Karani wa Kilindini

Miaka thelathini na minne nilihesabu mali za watu
pale Kilindini: mchele, vigae, mitumba,
kalamu sikioni, vumbi la klinka kooni,
wala sikukosea hata gunia.
Zangu sikuwahi kuzihesabu.

Siku ya kuagana walinipa saa ya ukutani,
keki yenye jina langu lililokosewa herufi,
na barua ya kiinua mgongo.
Mgongo wenyewe ulikuwa umeshapinda.

Wiki ile ile nyumba yetu ya Mikindani
ilijaa viatu mlangoni kana kwamba kuna hitima.
Mpwa wangu na hesabu ya kuku elfu moja.
Binamu wa Msambweni na ramani ya kiwanja
ambacho wenyewe hawajulikani ni wangapi.
Hata Tsuma, tuliyestaafu naye mwezi mmoja,
alikuja akichezesha funguo kidoleni:
"Nimenunua lori, bwana. Pesa huzaa barabarani."
Lori hilo leo liko Jomvu, juu ya mawe manne,
kuku wa jirani wanataga chini ya injini.
Simcheki Tsuma.
Nami nilikuwa nimeshashika kalamu
nitie saini ya kiwanja.

Mwanasha alikuwa akikuna nazi. Hakuinua kichwa.
"Kontena likija bila karatasi,
wewe ulikuwa ukiliachia lipite?"

Nikairudisha kalamu sikioni.

Pesa zikaponea hapo, mwili ukabaki.
Nilidhani kupumzika ni kukaa, nikakaa:
chai vijiko vinne, viazi karai saa nne,
kiti kikachukua umbo langu.
Mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi.
Kule Makadara, nesi Fumbwe, binti mdogo tu,
alinifunga mkanda wa presha, akasoma,
akanitazama vile nilivyokuwa nikitazama
lakiri iliyokatwa usiku.
"Baba, mzigo huu umezidi uzani."

Basi sasa nahesabu vyangu.
Vidonge viwili asubuhi, kimoja usiku.
Kodi ya chumba cha uani, anachokaa mwalimu wa chekechea:
hiyo ni ya bima na dawa, haiguswi hata Idi.
Fungu kubwa nimelifunga benki kwa miaka,
baada ya kusoma masharti mara tatu,
karani kijana akipiga miayo mbele yangu.
Na mwanangu Nyale akipiga simu kutoka Doha
kuniomba nimdhamini mkopo,
nasema hapana. Neno fupi,
lakini jino la gego lilinitoka kwa urahisi zaidi.

Si kwamba nalala fofofo.
Kuna usiku bei ya unga hunigongea dirisha,
nikaamka nikapiga hesabu kwenye kiganja,
Mwanasha akanifunika mkono kwa shuka
kama anayefunga daftari.

Alfajiri natoka na raba za mjukuu,
hadi Changamwe na kurudi.
Tangu mwezi wa Rajabu Tsuma hunifuata,
anachechemea, ana sukari.
Habari za lori hatuziulizani.
Tunahesabu nguzo za stima njia nzima.
Tukifika, yeye husema ishirini na sita,
mimi nasema ishirini na saba,
na hakuna aliyewahi kurudi
kuhakiki.