Lumbesa

Miaka kumi na mmoja napima mahindi Kibaigwa.
Nalijua gunia lililolowanishwa usiku ili liongeze kilo,
nalijua jiwe lililolala katikati ya alizeti,
na lumbesa naitambua kwa macho tu:
kichwa kilichoshonewa juu ya kichwa,
kamba zikilia.

Maneno sikuwahi kuyapima.
Hadi Jumanne ile ya upepo wa Agosti,
vumbi mpaka kwenye meno,
Nyemo wa Pandambili na kuli Chihoma
walipogombania elfu tatu ya upakiaji.

Nyemo ndiye aliyeanza, nisimwonee Chihoma.
Alimwita mwizi. Alimwita mbwa, mshenzi,
mlevi asiye na haya, fisi wa mchana.
Chihoma alikuwa anatafuna muwa. Akatema makapi, akacheka.
"Ongeza," akasema, "gunia halijajaa."

Kisha akajibu. Neno moja,
silabi tatu, mtoto wa chekechea angelisoma.
Malaya.

Ikawa kana kwamba mashine ya kukoboa imezimwa.
Mwenye duka la mbolea akatoka nje kumtazama Nyemo,
yeye, si aliyetukana,
akianzia miguuni.
Jioni neno likafika Pandambili
kabla ya pikipiki iliyombeba mwenyewe.
Mume alikuwa amekaa mlangoni, ameshalipokea.

Nikauliza tukila ugali wa uwele na mlenda:
mwanamume wa namna hiyo anaitwaje?
Anayelala Mbande leo, kesho Gairo?
Wapakiaji wakashauriana kama baraza la ukoo.
Kijogoo, akasema mmoja. Fundi, akasema mwingine.
Wa tatu akasema mhuni,
ila alilitamka kama anayemnunulia mtu soda.

Basi Alhamisi dalali Msagala
akamwambia Chihoma mbele ya watu:
"Punguza maneno, wewe mwanamke."

Chihoma, aliyecheka mbwa, aliyecheka mwizi,
akachomoa bambo kwenye gunia.
Watu wanne walimshika,
na mmoja bado ana kovu kiganjani.

Nami nilikuwa nimesimama pale na daftari langu.
Neno lenyewe ni mimi.
Limo kwenye kadi yangu ya kliniki,
mkunga alimtangazia mama yangu kwa vigelegele,
na mtu yuko tayari kuua lisimguse.
Siku nyingine, nilipoinua gunia peke yangu,
hao hao waliniita jike dume, wakapiga makofi.
Sikujua nishukuru au nidai fidia.

Lugha yetu haitengi, nawaza.
Yeye ni yeye, awe baba, awe shangazi.
Alikuja, alilima, alikufa:
humjui ni nani mpaka uulize.
Kiswahili kimetupa benchi moja tukae wote.
Tusi ndilo linalotuinua na kutukagua,
huyu nimshukie wapi?
Hata la mwanamume, fuata kamba yake:
halimalizikii kwake, linampita,
linakwenda hadi kwa mama yake
aliyeko Mlali anapalilia karanga,
ambaye hakugombana na mtu.

Neno lenyewe ni kilo chache.
Juu yake wameshonea mume, ng'ombe wa mahari,
binti atakayeposwa mwakani,
macho ya mwenye duka la mbolea,
na Nyemo anabeba vyote kwa bei ya gunia moja.

Sisemi haya nikiwa safi.
Mwaka juzi nililitumia mimi, kwa wifi yangu Mendulo,
kisa sufuria.
Niliona lilivyomshusha mabega.
Mpima mizani hawezi kusema hakujua uzito.

Jana Nyemo karudi na magunia sita ya alizeti.
"Mbukwa," nikamwambia. Akaitikia, chini chini.
Chihoma alikuwa juu ya lori anapanga mizigo, hakugeuka.
Nikaurudisha mshale kwenye sifuri,
nikangoja utulie.
Upepo ulikuwa mkali. Ulitikisika tu.