Pande Sita za Anga

Anga la mchezo ni sanduku. Wengi hawalijui hili.
Mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu, chini:
picha sita zimebandikwa kwa ndani,
na chombo cha mchezaji kinaelea katikati
kama korosho moja ndani ya debe.

Lile la zamani lilikuwa zambarau tupu.
Waliolichora walikuwa na haraka, au hawakulipwa;
zambarau ya mapambo ya ukumbini,
nyota zimemwagwa tu, kama chumvi na mkono wenye hasira.
Wenyewe waliutelekeza mchezo.
Sisi tuliobaki tunaupenda tukasema basi,
tutaufumua, tuushone upya.
Chilumba, huko Liwale, akachukua injini na silaha.
Mimi nikaomba mbingu.

Ninaifanyia dukani, Newala, baada ya saa za kutoa kopi,
kati ya vyeti vya kuzaliwa na fomu za pembejeo,
kwenye kompyuta inayonguruma kuliko inavyofanya kazi.
Umeme ukikatika nabaki na kioo cheusi
na uso wangu ndani yake,
hauna nyota hata moja.

Jumanne nilimwita Somoe, fundi cherehani wa mlango wa pili.
Akaja amebana sindano mdomoni. Akatazama.
"Hapa umeunga," akasema, akigusa pembe ya kulia,
"na uzi unaonekana."
Kweli: wingu lilikatika pale kama doti mbili zisizolingana.
Kisha akageuza shingo taratibu.
"Na nyota hii nimeiona kule. Na pale. Na pale tena.
Kitenge kinajirudia, mwanangu, kwa sababu kina kiwanda.
Mbingu nani anaipigia chapa?"

Siku tatu nikafuta nyota.
Kufuta nako ni kazi. Nani atakulipa kwa giza?

Juni, alfajiri, umande ungali umeshika majani,
nilimfuata mjomba Nantende shambani Mkunya.
Akajifunga kitambaa puani, akabeba mashine mgongoni,
akavuta kamba mara nne; ikagoma; akaitukana; ikawaka.
Salfa ikapanda.
Ikapenya mikorosho, njano, kisha njano iliyochoka,
ikajikunja palipokuwa na baridi,
ikafunguka juu, ambako jua lilikuwa linabisha hodi,
na tochi ya binamu yangu ikaitoboa tundu
lenye ukingo wa moto.
Nilipiga picha mia mbili na kumi.
Yeye alikohoa mara ambazo sikuzihesabu.

Hilo ndilo wingu lenu, marubani.
Mtalipita kwa sekunde nne, mkimfukuza mtu.
Nililipindua, nikalivuta, nikalitia samawati pembeni
ili njano ipate wa kugombana naye.
Chilumba akajibu: "Zuri mno. Adui haonekani. Punguza."
Nikapunguza. Asilimia kumi. Ishirini. Thelathini na tano.
Mandhari ni mwenyeji mwenye adabu,
hukaa nyuma ya pazia wageni wakila.
Lakini kila nilipoteremsha mwanga
kikohozi kilibaki palepale kilipokuwa.

Upande wa chini ulikuwa wa mwisho.
"Weka nyeusi tulale," Chilumba aliniambia,
"nani anatazama chini akiwa angani?"
Nikaenda Shimo la Mungu, pale mji unapokatika ghafla
na nchi inaporomoka hadi bonde la Ruvuma.
Nikakaa mpaka taa zikaanza kuwashwa kule chini,
moja, kimya kirefu, nyingine mbali nayo,
hakuna mbili zilizofanana.
Kumi na tisa. Nikazichora zote mahali pake.

Somoe alipoletewa, alitafuta mshono.
Akapitisha kidole pembe ya kwanza, ya pili, zote nne,
akarudi tena ya kwanza.
Akatoa sindano mdomoni, akaichomeka kwenye kola.
Nikasubiri.
Akaniuliza kopi ya kitambulisho siku hizi ni shilingi ngapi.