La Sivyo

Ambakisye alituachia faili moja kabla hajahamia Makambako:
mistari mia tisa ya XSLT,
ambamo "kama" imezaa "kama" iliyozaa "kama",
mpaka ukingo wa kulia wa skrini umekwisha
na maneno bado yanateremka
mithili ya njia ya Kiwira wakati wa matope.

Kazi yake ni ndogo tu. Ipokee uzito wa majani ya chai,
itoe stakabadhi ya mkulima.

Kama jani ni daraja la kwanza,
kama halikulowa,
kama mkulima hana deni la mbolea,
la sivyo kama analo, la sivyo kama limelowa lakini...
Hapo nilisimama, nikachemsha maji.

Jumanne akaja mama Subilaga kutoka Mpuguso,
koti limemlowa mabegani, karatasi mkononi:
kilo arobaini na mbili, malipo sifuri.
Hakupiga kelele. Aliuliza tu,
"Hii sifuri ni ya nani?"

Niliitafuta kutwa. Nikaikuta saa kumi na moja jioni
ndani ya "la sivyo" ya saba,
tupu, haina neno,
shimo linalomeza kila jani zuri lililonyeshewa.
Na Tukuyu hapa, niambieni,
jani gani halinyeshewi?

Nikashuka bandani kumtazama Gwakisa akipokea.
Hayasaili magunia.
Ana meza tatu, kila meza inajua mzigo wake.
Lililolowa linakwenda kwa yaliyolowa.
Basi.

Usiku ule niliivunja ngazi.
Nikaandika violezo vifupi, kila kimoja na mlango wake,
sharti likae mlangoni, lisiingie chumbani:
jani;
jani lililolowa;
jani lililolowa la daraja la kwanza.
Mlango unaolijua jani zaidi ndio unaolipokea.
Deni nikalihamishia kwa mkulima,
maana jani halikopi mbolea.

Nikafuta na ule upuuzi:
"kama ni kweli limelowa, sema kweli,
la sivyo, sema si kweli."
Ambakisye ndugu yangu,
mvua ikinyesha haihitaji karani.
Limelowa. Nukta.

Mia tisa zikawa mia moja na kumi na nne.
Sijivuni. Sita kati yake bado zinaninyima usingizi.

Mwisho kabisa nikabakiza kiolezo kisicho na sharti,
cha jani ambalo hakuna mlango uliolifikiria.
Hakiandiki sifuri.
Kinaandika: "Mwite Tumpe aje aangalie."

Mama Subilaga alilipwa Ijumaa.
Akahesabu, akarudia kuhesabu,
akafunga noti kwenye pindo la kanga,
kisha akaniuliza kama nimekula.

"Kama" hiyo moja
niliijibu bila ngazi: bado, mama.