Upande wa Nyuma wa Karatasi

Mimi ndiye nimchapiaye. Bondeni, duka la pili
baada ya kinyozi. Shilingi thelathini kwa ukurasa,
na kwake Rispa Muhonja ishirini,
kwa kuwa mwandiko wake naujua, hata penye kufutwa.

Huniletea karatasi zilizokwisha kutumika.
Upande mmoja, maneno ya runinga,
mistari yake imepakwa manjano:
*Mama Delvina anaingia. Anacheka kwa dharau.*
Upande wa pili, kwa wino wa buluu,
watu wake mwenyewe wanazungumza
na hakuna anayecheka kwa dharau.

Miaka kumi na mmoja amekuwa mama mkwe mbaya.
Jumatatu alfajiri anakwenda Nairobi,
Alhamisi anarudi, nyusi bado zimechorwa,
sauti imekauka kwa kufokea watoto wa wenzake.
Mji mzima unamjua, wala haumjui.
Msimu ule alipomtilia mkaza mwana sumu kwenye uji,
Mukami wa vitunguu, Soko la Wakulima,
alifunika fungu lake kwa gunia:
"Hapa huuziwi. Kanunue ulikonunua sumu."
Rispa alicheka. Kisha akaona mwenzake hachezi.
Akaja dukani mikono mitupu,
akaketi kwenye kiti cha plastiki, akasema,
"Andika. Onyesho la tatu. Soko."

Siku moja nilimuuliza kwa nini asiache
mojawapo ya kazi hizi mbili.
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa akatwe mguu upi.
"Ile inalipa karo ya Adagala. Hii..."
akalitafuta neno, hakulipata,
akalipa mia mbili na arobaini, akaondoka.

Nimemchapia sita.
Moja ilishinda kikombe, kikombe kikapotelea ofisini kwa mtu.
Moja ilichezwa usiku mmoja, mvua, watazamaji kumi na wanne,
nikiwemo mimi, akiwemo mlinzi.
Moja niliichapa taa ya duka imezimwa
ili kinyozi asinione. Sijamwambia.

Mwezi wa pili wakamuua.
Kurasa mbili tu: Mama Delvina juu ya ngazi,
anateleza. Mwisho.
Hakuna aliyempigia simu mapema;
alijisomea kifo chake akisubiri kupakwa poda.
Alinionyesha. Nikageuza. Nyuma peupe,
peupe kabisa,
na wiki saba zikapita hajaniletea hata mstari.

Kipindi kilipoonyeshwa, kesho yake asubuhi
Mukami alibisha mlango wake kule Shabab:
sukari kilo mbili, paketi ya unga,
na vitunguu, gunia zima, begani mwa kijana.
"Nimekuja kuomboleza. Alikuwa mbaya,
lakini nilikuwa nimemzoea."
Wakakaa. Marehemu akapika chai.

Mchezo wa saba una mwanamke muuza vitunguu.
Mwezi wa saba, ukumbi wa jamii, viti vya kukodi,
Rispa ndani ya leso ya kuazima,
Mukami safu ya mbele, mkoba mapajani.
Onyesho la tatu: gunia likafunika fungu,
Rispa akatamka yale maneno ya siku ile,
na Mukami akasimama.
"Sikusema hivyo!
Nilisema, *Mwenye njaa ya watu, vitunguu vya nini?*"

Kimya kile runinga ingekikata.
Rispa akalifunua gunia. Akalipanga upya fungu,
kitunguu kwa kitunguu, bila haraka,
akalifunika tena, akainua kidevu:
*Mwenye njaa ya watu, vitunguu vya nini?*
"Hapo sawa," akasema Mukami, akaketi.

Jumatatu aliniletea ukurasa huo.
"Badilisha hapa."
Nikageuza karatasi, kwa mazoea tu.
Mama Delvina, juu ya ngazi,
bado hajateleza.

"Ishirini," nikamwambia.
Akatoa thelathini, akadai risiti.