Kabla Hujamsogeza

Kabla hujamsogeza, Bwana Ngwada,
kabla hujamshika pembe, kabla kijana hajawasha simu,
lebo kwanza.
Hapahapa alipoangukia, chini ya mgunga,
damu ingali na joto.
Funga kwenye shina la pembe, mafundo mawili.
Tarehe. Saa: kumi na mbili na dakika ishirini.
Mahali: andika Pawaga, ng'ambo ya mto.
Usiandike "porini".
Porini si mahali, porini ni kila mahali.
Tandala. Dume. Mmoja.
Kalamu ikigoma, ipashe kwapani.
Zangu zote hugoma juu ya plastiki hii.

Najua jua linazama.
Najua umetoka Mafinga alfajiri,
umeziacha mbao na mashine mikononi mwa shemeji usiyemwamini,
na kibali umelipia, stakabadhi unayo,
umenionyesha mara tatu.
Picha utapiga.
Ila picha nayo ina adabu zake:
usimkalie mgongoni, si pikipiki.
Ulimi urudishe mdomoni.
Damu ya puani futa kwa majani, si kwa leso ya mkeo.
Bunduki itolewe risasi, ilazwe,
mdomo wake uelekee kusiko na mtu.
Na usicheke sana.
Hilo la mwisho halimo kwenye kanuni. Ni langu.

Nyumbani Itunundu tunayo picha moja ya baba.
Moja tu, wala si ya studio, wala si ya harusi.
Amesimama ukutani kwa kituo cha polisi, miguu peku,
nsya kamzunguka shingoni kama mtoto aliyelala,
na kibao cha namba amepewa
akishike kwa mikono yote miwili.
Nsya! Mnyama wa sufuria moja.
Miaka miwili kwa sufuria moja.
Siku ya hukumu mama aliiomba kwa karani,
karani akampa, sijui kwa huruma, sijui kwa kuchoka,
na mama akaitia fremu,
akaitundika juu ya kabati la vyombo.
Wageni huuliza: "Kumbe mzee alikuwa mwindaji?"
Mama hujibu, "Ndiyo," huku akimimina chai.

Ndiyo maana nakusumbua.
Picha ya mnyama asiye na lebo si kumbukumbu,
ni kielelezo namba moja.
Baba hakuwa na uzi huu.
Mtutu ni mtutu, nyama ni nyama,
kati yako na yeye pana uzi wa shubiri moja,
nami naufunga
kama mkunga anavyofunga kitovu.

Haya. Fundo limekaza. Msogeze sasa,
mgeuze uso, huo ndio upande wake mzuri.

Lakini jua halikutusubiri.
Kijana anapiga, mweko unaruka,
mnanipa simu nitazame:
wewe ni kivuli chenye kofia.
Bunduki haionekani. Mlima haupo.
Zile pembe ulizozifuata siku nne
zimemezwa zote na giza.
Kilichotoka ni lebo,
njano, kali, tarakimu zote sita zinasomeka,
na kando yake jicho moja
ambalo hakuna aliyekumbuka kulifumba.

"Imeharibika," unasema. "Turudie."
Rudieni, nina dakika kumi,
gari lisishike njia ya majaruba usiku mnene.
Washeni taa za mbele, kaeni vizuri, shusheni mabega.
Piga tena, piga hata kumi.

Ila hiyo ya kwanza, kijana, usiifute.
Nitumie mimi.
Juu ya kabati la vyombo
kuna msumari wa pili, mama aliupigilia siku ileile,
na hadi leo hajasema
ni wa nini.