Swali la Kumi na Tisa

Ukumbi wa skuli, Wete, msimu wa karafuu umeshika,
madirisha yote wazi na bado jasho linatutoka.
Mimi ndiye msoma maswali. Kadi hamsini,
kila moja na muhuri wa ofisi mgongoni.
Chake wamekuja na kengele ya baiskeli,
Konde wana sahani ya bati na kijiko.

Wallahi walijua, watoto wale.
Mji mkuu wa Mongolia:
sijafika "lia", kijiko kishalia.
Sayari yenye pete. Vyumba vya moyo.
Ziwa la kina kirefu kuliko yote Afrika.
Maalim Shaame akiandika alama kwa chaki,
akifuta kwa kiwiko, kanzu imekuwa unga.

Kumi na tisa:
karafuu tunayouza ni sehemu gani ya mti?

Raya Faki alicheka,
kama aliyeulizwa jina la mama yake.
Kucha zake bado nyeusi, usiku kucha
alikuwa jamvini akichambua makonyo.
"Ua," akasema. "Ua ambalo halijafumbuka.
Likifumbuka, umechelewa."

Kadi ilisema: Tunda.

Nami nimezaliwa Mzambarauni,
nimepanda mikarafuu kabla sijajua kuandika,
nimeanguka mmoja, huu mkono haunyooki mpaka leo.
Nikatazama muhuri.
Nikatazama wakubwa safu ya mbele, na soda zao.
"Kosa," nikasema.

Chake walishinda kwa alama mbili.
Wakabeba kamusi tatu na saa ya ukutani.
Raya hakulia. Aliifuta sahani kwa ncha ya mtandio,
akaitia mkobani, maana ilikuwa ya nyumbani,
na jioni kuna watu wa kula.

Juzi nimepeleka magunia yangu mawili kituoni.
Aliyekaa kwenye mizani ni yeye, miwani, kalamu sikioni.
Akatia mkono guniani, akatoa punje moja,
akaiweka kiganjani, akaninyooshea.
"Maalim. Hii nini?"

Foleni nzima ikanyamaza.
Nikafungua mdomo, neno limekaa ulimini,
dogo, lina silabi mbili,
miaka ishirini na sita nalibeba.

Akagonga kalamu kwenye chuma cha mizani, ngaa.
"Muda umekwisha," akasema,
akaandika kilo zangu, sawasawa, bila kupunja,
akaita anayefuata.