Hewa ya Kati

Mwalimu Subilaga alinipigia simu alfajiri:
dirisha lake linalia.
Kafuta upande wa ndani kwa gazeti,
katoka nje, kanga kichwani, kwenye baridi ya Isyesye,
kafuta upande wa pili,
na ukungu uko palepale
kama mgeni wa kizingitini: haingii, haondoki.

Nikamwambia, Mwalimu, hapo katikati
hapafikiwi na mkono wa mtu.

Ni vioo viwili, milimita nne kwa nne,
na baina yao upana wa kidole
wa hewa kavu, iliyotulia.
Baridi ikishuka Loleza inagonga kioo cha kwanza,
inavuka hewa ile kwa kusuasua
kama anayekatiza shamba la viazi la watu usiku;
ikifika cha pili, imechoka.
Hivyo ndivyo nilivyomweleza mwaka ule, alipouliza bei.
Akanitazama juu ya miwani:
"Kwa hiyo unaniuzia hewa?"
Ndiyo, Mwalimu. Hewa, na gundi ya kuifungia.

Siku ya kuifunga naikumbuka.
Karakana ya Mwanjelwa, Juni, saa nne,
jua halijaamua kama litatoka.
Tusekile kashika ukingo wa pili,
mimba ya miezi saba imeegemea meza,
mimi namimina chembe ndani ya ufito wa alumini,
chembe ndogo kama ulezi,
kazi yake kunywa kila unyevu utakaojificha humo.
"Usipumue hapo, fundi," akasema,
"utamfungia Mwalimu uji wako wa asubuhi."
Kisha akacheka yeye, mdomo juu ya kioo.
Nikabandika.

Chembe zikakinywa kicheko kile
zikakaa nacho, miaka kumi na moja kasoro siku,
hadi gundi ilipochoka kwenye kona,
Mbeya ikapenya kidogo kidogo,
zikashiba.

Tusekile yuko Rungwe, migombani kwa baba yake.

Leo nimelilaza dirisha juu ya magunia uani.
Gwamaka kanipa kisu.
Anatimiza kumi na moja Agosti; ana vidole vya mama yake,
virefu, visivyotulia.
Nikakata sili upande mmoja, wa pili,
na kwenye wa tatu nikasita.
"Baba, kimekwama?"
Nikainamisha uso karibu na ule ufa.
Harufu ya mpira. Vumbi. Basi.
Sijui nilitegemea nini.

Mwalimu akatoka na chai ya tangawizi:
"Na hewa hii mpya, shilingi ngapi?"
Imepanda, nikamjibu, kila kitu kimepanda.

Tukasafisha vioo vipya kwa spiriti.
Ufito mpya, chembe mpya, kavu, zenye njaa.
Gwamaka akashika ukingo wa pili,
akajiona kiooni, akajitolea ulimi,
akacheka hadi kioo kikafanya mvuke.

Sikumwambia asipumue.